Kabla Padre hajafika: barua ya wazi kwa maaskofu na wakuu wa makanisa ya Kanda ya Ziwa

Kwenu Wahashamu Maaskofu, Mababa Askofu, wachungaji viongozi na mama wakuu wa mashirika ya kitawa mnaohudumu Mwanza, Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara na Kagera.

Tumsifu Yesu Kristu. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeanza na salamu zote mbili kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila asubuhi. Mimi ni mchungaji wa wagonjwa katika hospitali moja hapa Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nikiingia wodini natazama kwanza kama mgonjwa ana rozari shingoni au ameitundika kwenye chuma cha kitanda, ndipo nijue nimsalimie vipi. Nikikosea ataitikia hivyo hivyo, maana hana nguvu za kunisahihisha, lakini usoni namwona kabisa kwamba amenipokea kama mgeni.

Ninawaandikia kuomba jambo moja: shule ya teolojia ya shahada ya uzamili, na baadaye uzamivu, inayomilikiwa na makanisa yetu kwa pamoja, hapa hapa Mwanza. Kabla sijaeleza iweje, naomba mnivumilie nisimulie usiku mmoja. Bila usiku huo nisingewaandikia.

Ilikuwa masika, wodi ya watoto. Walilazwa mapacha wa miezi mitano, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa na homa tu. Doto alikuwa na malaria kali, damu imemwishia, amewekewa oksijeni na anaongezewa damu. Mama yao ni muumini wa kanisa langu. Kwetu hatubatizi watoto wachanga: tunawaweka wakfu, kisha tunasubiri mtu akiri imani kwa kinywa chake ndipo tumzamishe majini, mara nyingi humu humu ziwani. Baba yao ni Mkatoliki wa Sengerema, na usiku ule alikuwa kambini kisiwani Kome kwenye shughuli ya dagaa. Mwezi ulikuwa unawaka, kwa hiyo hawakuingia ziwani, ndiyo maana simu yake ilipatikana. Mkewe alinipa simu saa tano usiku, imelowa jasho la kiganja chake.

"Mchungaji, naambiwa mtoto anaondoka. Padre yupo?"

Padre alikuwa ameitwa kwa mgonjwa ng'ambo ya mji, na simu yake iliita bila kupokelewa. Nikamwambia hivyo.

"Basi mbatize wewe."

Nilinyamaza, na nakumbuka nilivyokuwa nautazama mfuko wa damu unavyodondosha. Kanisa langu lisingenielewa, hilo moja. La pili, niliamini kwa dhati kwamba kwa Wakatoliki ubatizo ni kazi ya Padre, kwa hiyo hata ningemwaga maji ingekuwa ni kumdanganya mzazi aliye kwenye uchungu. Nikamjibu kwa upole tusubiri, Padre atafika asubuhi, kwa sasa tuombe. Tukaomba. Bibi yao, mama wa Kisukuma aliyekuja kutoka Magu, alikuwa ameketi sakafuni na kanga yake, na muda wote alinitazama mikono, si uso. Doto alifariki saa kumi alfajiri. Padre aliingia saa moja, bado ana vumbi la pikipiki.

Wiki iliyofuata sista mmoja muuguzi alinivuta pembeni. Hakunilaumu. Alinieleza kwamba katika Kanisa Katoliki, mtu akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, mradi amwagie maji, atamke "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," na awe na nia ya kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Muuguzi wa zamu usiku ule alikuwa Mkatoliki. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu akirekebisha dripu. Ningemwomba yeye, dhamiri yangu isingeguswa na baba wa mtoto angepata alichokiomba. Nilipokuja kumuuliza, naye hakuwa akijua kwamba anaruhusiwa.

Kuna jingine ambalo mpaka leo linaniuma zaidi. Baba Kulwa alifika mchana akiwa na mabuti yake ya kambini, akaniuliza mtoto wake sasa yuko wapi. Sikujua Kanisa lake linafundisha nini. Nilimpa maneno ya jumla. Kumbe Kanisa lake huwakabidhi watoto waliofariki bila ubatizo kwenye huruma ya Mungu, na lina ibada ya mazishi kwa ajili yao. Neno hilo lilikuwepo, limeandikwa, ni la kwake, na mimi niliyesimama mbele yake sikuwa nalo.

Mama Kulwa alinisikiliza nilipokwenda kumweleza yale niliyojifunza kwa sista. Aliuliza kitu kimoja, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Kwani ninyi watumishi hamuulizanagi?"

Wazee wangu, hatuulizani kwa sababu hatujawahi kuketi darasa moja. Nilisoma chuo cha Biblia, kisha shahada ya kwanza ya teolojia. Katika miaka yote hiyo Kanisa Katoliki lilipewa vipindi vichache chini ya kichwa "madhehebu mengine," na tulifundishwa namna ya kulipinga. Hakuna aliyetwambia kwamba mwaka 1982, mjini Lima nchini Peru, wanateolojia wa makanisa mengi, Wakatoliki wakiwemo, walikubaliana juu ya hati kuhusu ubatizo, Ekaristi na huduma, na kwamba ndani yake ubatizo wa watoto na ubatizo wa wanaokiri imani vimejadiliwa kwa heshima, kila upande ukisikilizwa. Hati hiyo niliisoma mara ya kwanza nikiwa na mvi, kwa kuazimwa. Najua pia kwamba upande wa pili hali haina tofauti kubwa. Padre rafiki yangu alikiri kwamba hadi anapewa upadrisho alikuwa akidhani sisi tusiobatiza watoto hatuwajali.

Wakati huo huo waumini wetu wameshachanganyikana siku nyingi. Nenda Igoma, Buhongwa au Nyakato, ingia nyumba yoyote: mume anasali parokiani, mke yuko AIC, binti ameokoka TAG, mjomba ni Msabato, na jirani wa mlango wa pili ni Mwislamu anayewapelekea futari. Wanapika chungu kimoja. Wana maswali ya ndoa, ya mazishi, ya nani ashiriki Meza ya Bwana na nani abaki kwenye benchi. Wanatuletea sisi, na kila mmoja wetu anajibu kwa kitabu cha nyumbani kwake.

Sisi watu wa ziwa hili tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walishukia Kageye, hapo upande wa Magu, mwaka 1877. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifuata mwaka 1879; Bukumbi waliianzisha baadaye, mwaka 1883. Pande zote mbili zilivuka kwenda Buganda, na kule, mwaka ule ule wa 1879, Mackay wa CMS na Padre Lourdel wa Mapadre Weupe wakabishana mbele ya Kabaka Mutesa, kila mmoja akimwonya asimsikilize mwenzake. Wanafunzi wao waliingia imani kwa milango miwili, lakini mateso yalipokuja hayakuuliza mlango. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa moto pamoja. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 wa Kikatoliki mwezi Oktoba 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina lile lile. Lakini rudini nyuma kidogo. Haikupita miaka sita tangu moto ule, na Januari 1892 pale Mengo, Wakristo hao hao, sasa wakiitwa chama cha Wafaransa (Wakatoliki) na chama cha Waingereza (Waanglikana), walipigana kwa bunduki, Kapteni Lugard akiwa upande wa Waingereza na bunduki yake ya rashasha, Maxim. Kila mwaka mabasi ya mahujaji hutoka Mwanza kwenda Namugongo. Wakifika, wanagawanyika: hawa kwenye madhabahu ya Wakatoliki, wale kwenye ya Waanglikana.

Siandiki haya kutonesha kidonda. Nayataja kwa sababu mabishano ya walimu wawili yalichukua miaka kumi na mitatu tu kugeuka damu ya wanafunzi wao. Darasa lina nguvu kiasi hicho, na linaweza kutumika kwa kinyume chake.

Tena si jambo geni. Kule Limuru, Kenya, kuna chuo kilichoanza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, kwenye makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Kilikuwa cha Waanglikana. Kilihamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakakifanya chao pamoja. Leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Karibu na Geneva kuna taasisi ya Bossey, iliyoanza mwaka 1946 vita vikiwa vimeisha majuzi, ambako wanafunzi wa makanisa mbalimbali wanasoma, wanakula na kusali pamoja kwa miezi. Na Berkeley, California, tangu mwaka 1962 kuna umoja wa seminari ambao mimi naona ndio unaotufaa zaidi kuuiga. Kila kanisa au shirika lina nyumba yake na linawalea watu wake kwa utaratibu wake. Wajesuiti na Wadominiko wamekuwa wakishiriki, na Waprotestanti wa aina kadhaa. Vinavyounganishwa ni maktaba na masomo ya shahada za juu.

Naomba muitazame hoja hiyo ya Berkeley kwa makini, maana najua wasiwasi wenu. Nimeusikia kwenye vikao: "vijana watarudi wamechanganyikiwa," "watapoteza msimamo." Sina nia ya kugusa malezi ya mapadre. Seminari za Kipalapala, Segerea na Ntungamo zibaki zilivyo. Chuo cha Makumira kibaki mikononi mwa Walutheri wa KKKT, vyuo vya Biblia vibaki na makanisa yake. Shule ninayoiomba haipokei kijana wa miaka ishirini anayejitafuta. Inapokea mtu ambaye tayari ni padre, mchungaji, sista, mwinjilisti au mwalimu wa dini, mwenye shahada ya kwanza na miaka kadhaa ya utume, aliyekwisha kuzika na kufungisha ndoa. Mtu wa namna hiyo hayumbishwi na kusikia kwa masikio yake jinsi Mmennonite wa Shirati anavyoieleza amani, au Mwanglikana anavyoueleza uaskofu. Atakachopoteza ni yale aliyosimuliwa juu ya wenzake ambayo hayakuwa kweli.

Na ninyi wenyewe mmeshafanya lililo gumu kuliko hili. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ili hospitali na shule za makanisa ziwe na sauti moja. Tangu hapo tumekuwa tukikubaliana juu ya dawa, madaktari na walimu wa sayansi. Ni ajabu kwamba tumeweza kukaa meza moja kwa ajili ya dawa za malaria, lakini kwa ajili ya Neno la Mungu tunakutana wiki moja tu ya Januari, Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, tunaimba, tunakunywa soda, tunaagana hadi mwakani. Biblia Habari Njema nayo ilitafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Ina maana kuna watu walioketi miaka, wakapimana neno kwa neno, wakamaliza. Inawezekana.

Mtaniuliza kwa nini Mwanza, wakati Dodoma na Arusha zipo. Sababu ya kwanza ni njia. Padre wa Geita sasa anavuka daraja la Kigongo–Busisi kwa gari bila kusubiri kivuko, wa Bukoba ana meli, wa Musoma ana lami. Masomo yakipangwa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, mara nne kwa mwaka, hakuna parokia wala usharika utakaokaa bila mtumishi. Mimi nilishindwa kwenda uzamili kwa sababu ingebidi niwaache wagonjwa miaka miwili na familia ibaki bila posho.

Sababu ya pili ni uzito wa maswali ya huku. Tumeona vikongwe wakiuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Tumeona watu wenye ualbino wakikatwa viungo ili mtu apate samaki au dhahabu. Wanaotuma hayo, na wanaonyamaza wakijua, wengine wanaketi kwenye viti vyetu siku ya Jumapili na wamebatizwa na sisi. Mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje nyama ulitutikisa Wakristo na Waislamu wa kanda hii, na tulikosa watu waliosoma Uislamu kwa utulivu kiasi cha kukaa na masheikh wakaelewana kabla ya damu. Kuna msiba wa MV Bukoba, Mei 21, 1996, na makaburi ya Igoma. Kuna kivuko cha MV Nyerere kilichozama pale Ukara, Septemba 20, 2018, wakafa watu 228. Nimekaa na mama ambaye hadi leo hatii mguu kwenye kivuko, na ananiuliza Mungu alikuwa wapi. Bibi yake Kulwa naye alikuwa na swali lake usiku ule, kuhusu mapacha na yanayotakiwa kufanywa pacha mmoja akitangulia, na hakuniuliza kwa sababu alijua sisi tutamwambia ni ushirikina, basi.

Haya yote yanahitaji tasnifu zilizoandikwa na watu wanaokijua Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya, wanaojua pia Kigiriki na Kiebrania. Naomba tena ziruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikipokea tasnifu za uzamivu za taaluma za Kiswahili zilizoandikwa kwa lugha hii, kwa hiyo hoja ya kwamba Kiswahili hakibebi elimu ya juu haina miguu. Mchungaji anayehubiri kwa Kiswahili, anayeomba kwa Kiswahili, kwa nini afikiri kwa lugha ya kuazima anapofika kwenye jambo zito kuliko yote?

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana ninyi mnajua mahesabu kuliko mimi. Tusianze na jengo. Vyumba vipo, vingi vinakaa vitupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kila dayosisi au kanisa litoe mhadhiri mmoja liendelee kumlipa lenyewe, na lilete wanafunzi wawili. Kwa upande wa ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, nashauri mzungumze kwanza na vyuo vikuu vya makanisa ambavyo tayari vimesajiliwa, shule ianze chini ya mwavuli wa kimojawapo kwa mkataba unaolinda umoja wake. Mwavuli usimfanye mwenye nao awe mwenye shule. Bodi iwe ya wote, uenyekiti uzunguke. Wanawake wawemo tangu siku ya kwanza, kwenye bodi na mbele ya darasa. Najua wengine mnawawekea mikono na wengine hapana, lakini kufundisha Maandiko kwa tasnifu hakuhitaji kuwekewa mikono, na masista wetu wamekuwa wakitufundisha siku zote, kama mlivyosikia.

Kitu kimoja kisisubiri chochote: maktaba. Kila kanisa mjini hapa lina kabati la vitabu vya teolojia vinavyoliwa na mchwa, vilivyoachwa na wamisionari, vya Kijerumani, Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza, na daftari za katekista wa zamani. Kitabu kimoja kipya cha ufafanuzi wa Maandiko kinazidi posho yangu ya mwezi. Mkiviweka chumba kimoja, vikaorodheshwa, na ufunguo ukawa kwa mtu mmoja anayelipwa, mtakuwa mmeshaanza shule kabla ya kikao cha kwanza cha bodi.

Ninachoomba sasa hivi ni kikao kimoja. Kabla ya Juma la Umoja lijalo, mketi hapa Mwanza, Wakatoliki, KKKT, Waanglikana, AICT, Wamennonite, Wamoravian, Wapentekoste na kila atakayekubali kualikwa, mteue watu saba wa kuandika mpango, muwape miezi sita. Mkitaka mtu wa kuwachemshia chai na kuandika muhtasari, nipo.

Vitabu vyangu ni 43. Hati ya Lima ni moja kati yake, siku hizi nina nakala yangu. Vimo ndani ya maboksi mawili ya sabuni chini ya meza ya ofisi ya wachungaji wa wagonjwa, ofisi ambayo tangu mwaka jana tunaitumia mimi na Padre, kila mmoja na siku zake, na simu ya zamu inalala kwa aliyebaki. Siku mtakapotaja chumba cha maktaba nitavipakia kwenye bajaji nivilete.

Wenu katika huduma,
Mchungaji wa wagonjwa, Mwanza